Bei ya Taa

Alhamisi, Kemi, saa kumi alasiri, na giza limeshazeeka.
Theluji imepanda hadi nusu ya dirisha. Hapa
nilikuwa nikifua nguo za mabaharia wa meli za barafu;
mashine tatu bado zimeegemea ukuta, vinywa wazi,
na juu ya ile ya kati tumeweka dadu, karanga, ramani
niliyoichora kwa wino wa stempu: pango, daraja, zimwi.

Zimwi atasubiri. Basi la Oskari limenasa njiani,
na kuingia pangoni bila mganga ni kujitafutia kaburi.
Kwa hiyo tunaulizana swali letu la kupotezea muda:
unasoma nini siku hizi?

Ilpo ana kitabu kinene kama tofali,
cha tano katika saba, falme tisa, wafalme wote jina moja.
Vita anaviruka. "Vita vyote ni sawa," asema,
"farasi, matope, mtu akiitwa mara ya mwisho."
Yeye hufuata sufuria. Anaujua ukurasa wa supu ya vitunguu,
ukurasa wa mkate wa shayiri ulioungua upande mmoja.
Miaka thelathini ya kiwanda cha karatasi imemfunza
kunusa kitabu kabla ya kukifungua.
"Msonobari huu si wa kwetu,"
analalamika, na anakisoma hivyo hivyo.

Senja, ambaye mezani ni muuaji, visu sita kiunoni,
mchana hushika taa juu ya vinywa vya watu kwa daktari wa meno.
Anasoma habari za kalunguyeye mwenye nyumba ya wageni.
Hafi mtu. Mgeni akibisha hodi, hupewa blanketi.
Sura nzima ya kumi na moja ni paa linalovuja.
"Mkicheka, usiku huu nawachinja wote."
Hatucheki. Ilpo anauliza kama paa lilizibwa.

Oskari anaingia, theluji kwenye nyusi, simu mkononi:
hadithi isiyojulikana mwandishi, sura elfu moja na mia mbili,
na bado. Kijana alianza na nguvu moja, sasa ana elfu tisa.
"Ni upuuzi tu," asema haraka, kabla hatujasema sisi.
Lakini juma lililopita mbwa wa yule kijana alikufa,
na mama yake Oskari akanipigia simu: mtoto hali.

Kisha swali linanifikia, nami nadanganya.
Mimi ninayewajengea falme kila wiki kwa ulimi mtupu,
tangu tumzike Veikko sijamaliza hata ukurasa.
Herufi naziona. Zinapita kama abiria wa stesheni
wasio na shida nami. Kitabu chake kiko kando ya kitanda,
tiketi ya kivuko ikionyesha alipofikia.
Sikigusi, nisije nikajua asichowahi kujua.
Nataja kitabu chochote. Wanatikisa kichwa kukubali.
Raimo hatikisi.

Raimo, mwizi wetu, miaka sabini na minne, magoti mabovu,
husoma kanuni za michezo isiyochezwa tena na mtu,
huzisoma kama riwaya, kitandani, polepole.
Tukiagana mlangoni ananitia kimoja mfukoni
kwa vidole vile vile vya wizi, ila kinyumenyume.

Nakifungua jikoni, koti bado mwilini.

Kamba, hatua hamsini: sarafu moja.
Punda: sarafu nane. Punda mkaidi: sita.
Taa ya mafuta: sarafu mbili. Huwaka saa sita.
Humulika hatua thelathini. Zaidi ya hapo ni giza,
na aulizwe msimulizi.

Narudia. Nashuka mstari wa chini yake,
na wa chini yake: misumari, kengele, chumvi ya safari,
sabuni, kipande, sarafu tano.

Tano! Nani aliyempangia bei huyu?
Nainuka, koti na yote, kutafuta kalamu.